Sura ya Sita: Besi ya Ska Inapigwaje, na Inaitwaje?

Palipo na mazungumzo ya muziki wa Jamaika, swali hili halikosi: ile besi ya ska, inayokwenda mbio bila kupumzika huku tarumbeta zikilia juu yake, staili yake inaitwaje? Vijana wanaojifunza gitaa huuliza kwa sababu wanataka kuipiga. Wapenzi wa kusikiliza huuliza kwa sababu wanaisikia kifuani, lakini hawana la kusema zaidi ya "besi tamu". Hata watangazaji wa redio huuliza. Wanajua kumsifu mwimbaji na mpuliza saksafoni, ila wakifika kwa mpiga besi maneno yanawaishia.

Jibu fupi ni kwamba mbinu kuu ina jina, nalo ni besi inayotembea. Lakini jina hilo peke yake halitoshi. Wapiga besi wawili wanaweza kutembea kwa nota zile zile, kwenye wimbo ule ule, mmoja akakuinua kitini na mwingine akakuacha umekaa. Tofauti yao iko mahali ambapo wengi hatuna mazoea ya kusikiliza: pale nota inapokoma.

Katika sura hii tutataja mbinu kubwa za besi ya ska moja baada ya nyingine, na kila moja tutaieleza inavyofanyika. Ukisahau mengine yote, naomba ubaki na hili: kwenye ska, kuikata nota ni kazi sawa na kuipiga.

Ska ilitoka wapi

Wengi wetu tulimjua Bob Marley kwa rege, kumbe alianza na ska. Mwaka 1964 wimbo "Simmer Down" wa kundi lake, The Wailers, ulivuma Jamaika nzima, na anayeusikia leo kwa mara ya kwanza hushangazwa na kasi yake. Ska ndiyo iliyozaa rocksteady, na rocksteady ikazaa rege, yote hayo ndani ya miaka isiyozidi kumi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wa kawaida mjini Kingston walistarehe kwa muziki wa santuri. Mtu mwenye amplifaya na spika kubwa alifunga mitambo yake uwanjani, watu wakalipa kiingilio, wakacheza hadi usiku wa manane. Wenye mitambo waliotamba zaidi walikuwa Duke Reid, Clement "Coxsone" Dodd na Prince Buster. Santuri zao zilikuwa za R&B ya zamani ya Marekani, muziki wa akina Louis Jordan na Fats Domino, wenye piano inayochapa na besi inayopanda na kushuka ngazi za sauti. Wamarekani walipohamia rock and roll, santuri za aina hiyo zikaadimika. Wenye mitambo wakaamua kuwaingiza studio wanamuziki wa Kingston wenyewe, na katika kuiga R&B, wanamuziki hao wakatoa kitu kipya. Jamaika ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ska ndiyo iliyokuwa inachezwa.

Miongoni mwa nyimbo za mwanzo zinazoonyesha njia hiyo ni "Easy Snappin'" wa Theophilus Beckford, uliotoka mwaka 1959. Nyuma yake walipiga Blues Blasters, kundi lililoongozwa na Cluett Johnson, ambaye alikuwa mpiga besi. Kwa hiyo besi haikuja baadaye kujazia nafasi. Ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwa mikononi mwa kiongozi.

Nani anapiga wapi

Kabla ya kuzungumzia besi, tuwaangalie wenzake. Hesabu kwa sauti, polepole na bila kubadili mwendo:

moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na

Namba ndizo mapigo. Kila "na" ni nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Fungu moja la mapigo manne tutaliita kipimo. Sasa tuigawie bendi kazi:

- Gitaa la ridhim na piano hupiga kwenye "na". Ni mkwaruzo mfupi, mkavu, unaorudiwa wimbo mzima. Mkwaruzo huo huitwa skanki.
- Dramu hutia uzito kwenye pigo la pili na la nne.
- Vipulizo, yaani tarumbeta, tromboni na saksafoni, hubeba melodi, na visipokuwa na melodi huungana na skanki.
- Besi hupiga moja, mbili, tatu, nne. Zote.

Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mchi mmoja ukishuka, mwingine uko juu. Huu ukiinuka, ule unashuka. Hawapigi kwa wakati mmoja, lakini kila mmoja anamtegemea mwenzake. Besi na skanki hutwanga hivyo hivyo. Besi inashuka kwenye namba, skanki inashuka kwenye "na".

Ndiyo maana besi ikizimwa, wimbo wa ska huanza kupoteza mwelekeo. Skanki inabaki inaelea, na baada ya muda sikio linaanza kuidhania kuwa ndiyo pigo lenyewe. Besi ikirudi, mguu wa mchezaji unajua tena pa kukanyaga.

Jaribu mwenyewe. Simama, kanyaga chini kwa kila namba, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Ukishazoea, piga makofi kwenye kila "na". Mwanzoni makofi yatataka kufuata mguu; usiyaruhusu. Ukiweza kwenda dakika moja bila kukosea, umekwisha kupata umbo zima la ska mwilini mwako: mguu ni besi, kofi ni skanki.

Maswali manne ya kumwelezea mpiga besi

Watu wanaposhindwa kuieleza besi, mara nyingi ni kwa sababu wanatafuta neno moja la kumaliza kazi. Ni rahisi zaidi kuuliza maswali manne, na kila swali lina majina yake:

1. Anapiga nota zipi?
2. Zinaangukia wapi kwenye kipimo?
3. Kila nota inadumu muda gani?
4. Mikono inafanya nini?

Tuyachukue moja moja.

Swali la kwanza: nota zipi?

Nota ni sauti moja yenye kimo chake. Waliopita kwaya wanazijua kwa majina: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa mfano do, mi na so. Mpiga gitaa la ridhim huzipiga zote kwa mkupuo mmoja. Mpiga besi huzichambua, akazipiga moja baada ya nyingine, na mbinu hiyo huitwa kuvunja kodi. Ndiyo msingi wa besi ya ska.

Kutembea ni hatua inayofuata. Mpiga besi anavunja kodi, anaongeza nota za jirani, na anapiga nota moja kwa kila pigo, bila kuruka hata pigo moja, akipanda na kushuka. Imba vipimo hivi viwili ukikanyaga kwa kila nota:

do – mi – so – la
do ya juu – la – so – mi

Hapo umekwisha tembea. Tazama nota ya mwisho, mi. Tuseme kipimo kinachofuata kinahamia kwenye kodi ya fa. Kutoka mi hadi fa ni hatua ndogo kuliko zote kwenye gitaa, freti moja tu. (Freti ni vile vipande vya chuma vinavyoikata shingo ya gitaa.) Kwa hiyo kabla bendi haijahama, besi imekwisha kusogea hadi mlangoni mwa kodi mpya. Msikilizaji haelezwi chochote, ila sikio lake linahisi kwamba fa inakuja, na ikifika anaridhika.

Nota ya aina hiyo, inayokupeleka kwenye kodi ijayo, huitwa nota ya kupitia. Wakati mwingine nota ya kupitia haimo kabisa kwenye do-re-mi ya wimbo. Ni sauti ya katikati, mfano ile iliyo kati ya so na la, inayopigwa kwa pigo moja tu kisha inaachwa. Ukiikalia inaudhi. Ukiipita haraka inatia hamu. Wapiga besi waliolelewa kwenye jazi, kama walivyokuwa wengi Kingston, wana akiba kubwa ya nota hizi.

Kuruka oktava ni kutoka do ya chini hadi do ya juu, au kinyume chake. Jina la nota halibadiliki, kinachobadilika ni kimo. Mpiga besi huitumia pale anapotaka nguvu bila kubadili habari: kodi ni ile ile, lakini besi imeruka.

Rifu ni kifungu kifupi cha nota kinachorudiwa. Mwenye kutembea anaweza kubadili njia kila kipimo, ila mwenye rifu amechagua njia moja na anaishikilia. Kwenye ska ya mwanzo kutembea kulitawala. Baadaye, kama tutakavyoona, rifu ilichukua nafasi.

*Kwa ufupi:* besi ya ska huvunja kodi, hutembea kwa nota moja kila pigo, hutumia nota za kupitia kufungua mlango wa kodi inayofuata, na huruka oktava inapotaka nguvu.

Swali la pili: zinaangukia wapi?

Jibu la kawaida tumekwisha kulitoa: kwenye namba zote nne. Fikiria maana yake kwa mpigaji. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, unaodumu dakika tatu, unamtaka apige nota 360, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuchelewa. Mpuliza tromboni anapumzika kati ya melodi na melodi. Mpiga besi wa ska hapumziki hadi wimbo uishe.

Lakini kuna njia mbili za kutoka nje ya hizo namba nne.

Ya kwanza ni mwendo wa kuchechemea, uliorithiwa kutoka R&B. Hapa mpiga besi anaongeza nota fupi kabla ya pigo, na nota hiyo haiko katikati kabisa ya mapigo mawili. Imevutwa karibu na pigo linalofuata. Imba "daa-da-daa-da-daa" na utausikia. Nota ya kwanza ni ndefu, ya pili imebanwa.

Ya pili ilitoka Kuba. Jamaika na Kuba zimetenganishwa na mkono mwembamba wa bahari, na watu wamekuwa wakivuka huku na huko. Tommy McCook na Roland Alphonso, wapuliza saksafoni wakubwa wa ska, wote wawili walizaliwa Havana. Basi haishangazi kwamba besi ya Kuba iliingia Kingston. Mtindo wake, unaoitwa tumbao, huiacha namba moja wazi. Nota zake huangukia kwenye "na" inayofuata mbili, kisha kwenye nne, na hiyo ya nne huachwa ilie hadi inavuka kuingia kipimo kinachofuata.

Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi au rumba ya Kongo hatapata tabu hapa. Santuri za Kuba, zile za mfululizo wa GV, ziliuzwa Afrika tangu miaka ya 1930, na rumba yetu ilinywea kwenye kisima hicho hicho. Besi inayoacha pengo, ikaja kwa kushtukiza, ni besi tunayoijua tangu utotoni. Kwa sikio la namna hiyo, jambo geni kwenye ska ni besi isiyoacha pengo lolote.

Swali la tatu: inadumu muda gani?

Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo tutulie kidogo.

Rudi kwenye wimbo wetu wa mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo lina nusu sekunde. Mpiga besi akiiacha nota ilie nusu sekunde nzima, itagusana na nota inayofuata. Besi itasikika kama sauti moja ndefu inayopanda na kushuka. Ni nzuri kwa wimbo wa taratibu, lakini tazama inavyoifanyia skanki: kwenye kila "na", pale mkwaruzo wa gitaa unapoangukia, besi bado inanguruma chini yake. Gitaa linafunikwa.

Sasa tuseme mpiga besi yule yule anaikata nota katikati ya safari, baada ya robo sekunde. "Na" inabaki tupu, na skanki inaangukia kwenye nafasi safi, ikasikika kali na wazi bila gitaa kuongezewa sauti hata kidogo. Nota ni zile zile, mwendo ni ule ule, na hakuna aliyegusa vifundo vya amplifaya. Kilichobadilika ni robo sekunde ya kimya, na wimbo mzima umeanza kuruka.

Kupiga namna hiyo huitwa stakato, yaani nota fupi zilizotenganishwa. Kinyume chake ni legato, nota zilizounganishwa. Mpiga besi hodari wa ska haishi kwenye upande mmoja. Kwenye ubeti anaweza kukata, vipulizo vikiingia akaziachia nota zirefuke kidogo ili bendi inenepe, kisha akakata tena mwimbaji anaporudi. Msikilizaji anasema wimbo umepanda, kumbe aliyeupandisha ni mtu mmoja aliyechelewa kunyanyua kidole.

Kuna pia nota bubu. Hii inapigwa uzi ukiwa umezuiwa, ikatoa "tk" badala ya sauti yenye kimo. Hufanya kazi ya ngoma ndogo. Huwekwa kati ya nota mbili za kweli, na aghalabu huisikii mpaka uitafute.

*Kwa ufupi:* mahali nota inapoanzia hushikilia mwendo, na mahali inapoishia huipa skanki nafasi ya kusikika. Atakaye kuielewa besi ya ska asikilize miisho.

Swali la nne: mikono inafanya nini?

Tukae karibu na mpigaji tumtazame vidole.

Mkono wa kushoto (kwa anayetumia kulia) umeshika shingo. Kidole kimebonyeza uzi nyuma ya freti, nota inalia. Wakati wa kuikata, kidole hakiondoki. Kinalegea tu: uzi unaachana na freti lakini bado unagusa ngozi ya kidole, na sauti inakufa hapo hapo. Mwendo wenyewe ni mdogo kuliko unene wa sarafu. Kidole kikiondoka kabisa, uzi utaendelea kulia au kutoa kelele, na usafi wote umepotea.

Kutokana na hilo kuna desturi moja muhimu: wapiga besi wengi wanaotaka nota fupi huepuka uzi wazi, yaani uzi unaopigwa bila kubonyezwa popote. Uzi wazi hauna kidole cha kulegeza, kwa hiyo kuukata ni lazima mkono mwingine uje kuuzima. Nota hiyo hiyo inapatikana freti ya tano ya uzi mzito unaofuata, na pale inakatika kirahisi.

Mkono wa kulia una njia tatu kuu:

- Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinavyopokezana. Kidole kinachofuata kikitua juu ya uzi mapema kabla ya kuupiga, kinaikata nota iliyotangulia. Kidole kimoja kinafanya kazi mbili.
- Kiganja na kidole gumba. Ubavu wa kiganja unalala kwenye nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, na kidole gumba kinapiga. Sauti inatoka nene, fupi, yenye kishindo. Mbinu hii huitwa kubana kwa kiganja.
- Piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia. Inatoa mwanzo mkali wa nota na inasaidia kwenye kasi kubwa. Ilipata nguvu zaidi ska ilipokutana na punk.

Mahali pa kupigia nako kuna uzito. Ukipiga karibu na shingo, sauti inakuwa ya mviringo na nzito. Ukisogea karibu na daraja, inakuwa kavu na ya kukaza. Wanaotafuta sauti ya Kingston ya zamani husogea upande wa shingo, huchagua nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, na hupunguza ukali kwenye kifundo cha gitaa.

Kutoka besi ya mbao hadi besi ya umeme

Mbinu hizi za kukata nota zina sababu ya kihistoria. Ska ya mwanzo ilipigwa kwa besi ya kusimama, kile chombo kikubwa cha mbao kinachozidi kimo cha mtu, chenye nyuzi ndefu kupita mita moja. Uzi wake ukidonolewa kwa kidole, sauti inapasuka kwa nguvu kisha inafifia upesi. Mti wenyewe unaikata nota.

Bingwa wa besi hiyo kwenye ska alikuwa Lloyd Brevett, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2012. Alijifunza kwa baba yake, naye mpiga besi. Mwaka 1964 aliungana na kina Tommy McCook, Roland Alphonso, Jackie Mittoo, mpiga dramu Lloyd Knibb na mpuliza tromboni Don Drummond kuunda The Skatalites. Kundi hilo halikumaliza hata miaka miwili kabla ya kuvunjika mwaka 1965, lakini kazi walizorekodi katika muda huo ndizo kipimo cha ska hadi leo. Brevett na Knibb wasikilizwe pamoja. Besi inatembea, dramu inakaza pigo la pili na la nne, na hakuna anayemkimbiza mwenzake.

Besi ya umeme ilikuwa tayari imeanza kuuzwa Marekani. Fender walitoa Precision Bass mwaka 1951. Anayetajwa kuiingiza Jamaika ni Byron Lee, kiongozi wa bendi ya The Dragonaires, karibu na mwaka 1960. Sababu inayoelezwa ni ya kawaida kabisa: besi ya kusimama ilikuwa mzigo mzito kuihamisha kila siku ya onyesho.

Chombo kipya kilikuwa chepesi kubeba, ila kilileta tatizo jipya. Uzi wa besi ya umeme unaendelea kulia muda mrefu, na amplifaya inakuza hata mwisho wake. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mti ikahamia kwenye vidole. Ndiyo sababu mbinu za kukata na kubana ni muhimu hivyo kwenye besi ya umeme, na ndiyo sababu wapigaji wengine huweka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja. Fender wenyewe waliweka sponji ya kuzimia sauti kwenye kifuniko cha daraja la besi zao za mwanzo.

Mbinu zilivyosafiri

Kuanzia mwaka 1966 mwendo ulipungua Kingston, na rocksteady ikaingia. Besi ikaacha kutembea kwenye kila pigo. Wapigaji kama Jackie Jackson, aliyerekodi kwa Duke Reid, na Leroy Sibbles, mwimbaji wa The Heptones aliyepiga besi katika studio iitwayo Studio One, waliunda rifu zenye mapengo: nota tatu au nne, kimya, kisha jibu. Kimya kilichokuwa robo sekunde kwenye ska kikawa pigo zima, wakati mwingine mawili. Rege ilipokuja ilijenga nyumba yake juu ya mapengo hayo.

Mwaka 1979 ska ilifufuka Uingereza. Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone mjini Coventry, na bendi yake, The Specials, ikarudia nyimbo za Kijamaika kwa nguvu za vijana wa punk. Kwenye "A Message to You Rudy" walimwalika Rico Rodriguez, mpuliza tromboni aliyekuwa amepiga pia kwenye toleo la kwanza la Dandy Livingstone la mwaka 1967. Besi ya The Specials ilikuwa kwa Horace Panter, ya Madness kwa Mark Bedford, na ya The Selecter kwa Charley Anderson. Kwa kizazi hiki besi ni ya umeme moja kwa moja, iko mbele zaidi kwenye rekodi, na kutembea kunachanganywa na rifu za rocksteady na rege ndani ya bendi moja.

California ilizidisha kasi. Operation Ivy, bendi iliyodumu kutoka 1987 hadi 1989, ilikuwa na Matt Freeman kwenye besi, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Rancid. Mwendo wa ska yenye punk unaweza kufika mapigo 180 kwa dakika na kupita. Hapo kila pigo lina theluthi moja tu ya sekunde, na mwenye kutaka kukata nota katikati ana sehemu moja ya sita ya sekunde kufanya hivyo. Wengi kwenye mtindo huu hutembea wakati wa skanki, kisha kiitikio kikifika huacha kutembea na kupiga nota moja mfululizo, nane kwa kila kipimo, sambamba na gitaa.

Jinsi ya kumwelezea mpiga besi

Sasa tuna maneno. Chukua wimbo wowote wa The Skatalites, usikilize mara nne, kila mara ukijibu swali moja tu. Usijaribu kujibu yote kwa pamoja. Sikio likitumwa kazi nne kwa wakati mmoja, hakuna hata moja linayoimaliza. Kisha unganisha majibu. Utapata maelezo ya aina hii:

"Anatembea kwa kuvunja kodi, nota moja kila pigo, na anatumia nota ya kupitia kabla ya kila kodi mpya. Haachi namba hata moja, ila kwenye sehemu ya kati ya wimbo anaingiza tumbao. Nota zake ni fupi kwenye ubeti na ndefu vipulizo vinapoingia. Anapiga kwa vidole, karibu na shingo."

Mpiga gitaa akiyasoma maelezo hayo anaweza kuanza kazi bila kuusikia wimbo. Mtangazaji akiyasema hewani, msikilizaji atajua aelekeze sikio wapi. Hizo ni sentensi nne tu, na hakuna neno ndani yake linalohitaji shahada ya muziki.

Muhtasari wa sura

- Besi hupiga kwenye namba, skanki hupiga kwenye "na". Umbo la ska liko hapo.
- Mbinu kuu ni kutembea. Chini yake kuna kuvunja kodi, nota za kupitia na kuruka oktava.
- Mwendo wa kuchechemea ulitoka R&B, tumbao ilitoka Kuba.
- Urefu wa nota ndio unaotofautisha mpigaji na mpigaji. Stakato huifungulia skanki nafasi.
- Besi ya kusimama iliikata nota yenyewe. Kwenye besi ya umeme kazi hiyo ni ya vidole, kiganja au sponji.
- Rocksteady ilirefusha kimya, Uingereza ikaisogeza besi mbele, California ikaongeza kasi.

Kwenye santuri nyingi zilizotoka Kingston miaka ile, lebo ilibeba jina la mwimbaji au la kiongozi wa bendi. Aliyepiga nota 360 bila kukosea hakuandikwa. Baadhi ya majina hayo yamekwisha kupotea na hayatarudi, lakini kazi yao bado inasikika kwenye kila rekodi, wazi kabisa, kwa yeyote atakayeisikiliza hadi mwisho wa kila nota. Tukijifunza kusema walichofanya, kwa maneno sahihi na kwa lugha yetu, tunawapa sehemu ya haki yao ambayo lebo haikuwapa.